Pembe ya Tone

Jumanne, saa nne asubuhi, maabara ya miamba, Dodoma.
Umeme umekatika mara mbili, umerudi,
na kamera inalitazama tone
kama mlevi anavyoutazama mlango.

Tone la kwanza nalidondosha juu ya kwatzi safi.
Halikai. Linalala, linatanda,
linaingia kama shangazi
asiyengoja kukaribishwa.
Digrii tisa. Naandika tisa.

Jiwe hupenda maji:
ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi tukiwa na haraka.
Kupenda gani? Ni mvuto tu, na msukumo.
Chaji hasi juu ya jiwe, chaji hasi juu ya mafuta,
na katikati yake utando wa maji,
mwembamba kuliko chochote nilichowahi kukiita chembamba,
unaozuia viwili hivi visigusane.
Utando ukistahimili, mafuta huteleza.
Ukipasuka, mafuta hushika,
na jiwe hubadili dini.

Na nani huupasua? Mara nyingi ni chumvi.
Nacheka peke yangu. Chumvi! Hapa!
Kisima chetu Bahi kilitoa maji yaliyokataa povu,
birika likavaa koti jeupe kwa ndani,
na wanawake walikwangua udongo wa mbuga
wakauchuja hadi ukawa kitoweo.
Chumvi ikizidi, chaji hufunikwa macho;
hazionani tena, hazisukumani,
utando unasinyaa,
mafuta yanavuta kigoda.

Chini ya meza yangu, ndani ya kiroba cha mbolea,
kuna jiwe la kusagia la mama,
Mbeleje binti Chidawali,
itale la kijivu alilosagia karanga za mlenda
miaka thelathini na miwili.
Nimelileta kwa lori la zabibu.
Dereva aliuliza kama ni dhahabu,
nikamwambia ni zito zaidi, akanitoza zaidi.

Nadondosha tone katikati ya jiwe.
Linasimama.
Limejikunja kama kakakuona aliyeguswa.
Digrii mia na nne.
Naandika. Nafuta. Naandika tena.

Pembeni, mkono wake usipofika,
tone linatanda kama kawaida ya itale.
Basi naendelea, tone baada ya tone,
sitini na moja kwa hesabu ya Malogo,
mpaka matone yanachora njia ya mkono wake:
pana juu, nyembamba chini,
ikielemea kulia, kulia sana,
upande wa bega ambalo halikumuuma.
Sikujua lile jingine lilianza kumuuma lini.
Jiwe lilijua.

Malogo, kijana mwenye adabu, anauliza:
“Tulisafishe? Asetoni ipo.”
Dada yangu Nyendo, kwenye simu, hana haja ya asetoni:
majivu ya mabua ya mtama, maji ya moto, usugue,
litarudi kuwa jiwe, nilitumie mimi.
Wote wana haki. Majivu huziamsha chaji,
mafuta hugeuka sabuni, maji hurudi kwao.
Ningeweza kuwachorea ubaoni.

Ila nilikuwa na miaka saba
nilipotaka kuliosha jiwe hilo nimfurahishe,
na mama akaninyang'anya dodoki.
“Jiwe lililoshiba,” alisema,
“halili karanga zako.”
Nilidhani ni methali.
Ilikuwa matokeo ya utafiti.

Kwenye fomu kuna safu moja imebaki:
*Kichafuzi cha sampuli.*
Nimeandika: karanga, Bahi, miaka 32.
Neno *kichafuzi* nimelikata kwa mstari mmoja,
wa kalamu ya risasi, ili mkuu wa maabara
akitaka alirudishe.

Umeme unakatika mara ya tatu.
Nyendo bado yuko kwenye simu, anangoja jibu.
Kwa mwanga wa dirisha naliona tone la mwisho,
mviringo, linatetemeka kidogo
kila lori linapopita barabarani,
halijaingia.